Mpenzi, Usiwe Askari wa Sahani Yangu

Leo tunaziacha kidogo habari za simu zenye namba za siri na mawifi wenye maneno, tunaingia jikoni. Wala si kwa ajili ya mapishi. Nataka tuongelee jinsi chakula kinavyoweza kukaa katikati ya watu wawili wanaopendana, pale mmoja wao anapokuwa na kisukari.

Naongea kwa sababu mwenye kisukari ni mimi. Aina ya pili, niligunduliwa mwaka 2017 nikiwa na miaka 34, ndoa yenyewe haijamaliza hata miaka miwili. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilisoma 11.2, na kuanzia 7.0 kwenda juu, kipimo kikirudiwa na kuthibitishwa, ndiyo huitwa kisukari. Nikapewa metformin na karatasi yenye picha ya sahani. Mume wangu akaibandika karatasi kwenye friji, na kuanzia jioni ile nikawa nimepata askari.

“Hiyo unakula?” “Si daktari alikataza?” “Mke wangu, hiki ni kipande cha pili.” Na haya hayasemwi chumbani, yanasemwa kwenye meza ya watu, mbele ya mashemeji na marafiki zake wa ofisini. Anafanya kwa mapenzi, najua. Lakini jamani, mtu mzima mwenye kazi yake na mshahara wake akihesabiwa vipande vya chapati mbele za watu, kinachomwingia si afya, ni aibu. Na aibu inamfundisha mtu kujificha. Nawafahamu wawili wanaokula keki kwenye gari, madirisha yamepandishwa, halafu wanaingia nyumbani wakiwa na sura ya mtu aliyeshinda na matango.

Kilichomvua mume wangu sare za uaskari hakikuwa ugomvi. Ni kile kimashine kidogo cha kupimia sukari. Tulikubaliana kwamba wiki mbili nitapima saa mbili baada ya kuanza kula, naandika kwenye daftari, na daftari ndilo litakuwa hakimu. Wengi wetu tunashauriwa tusivuke 10 kwa muda huo, ingawa lengo lako atakupangia daktari wako. Basi tukaona mambo. Uji wa lishe, ule unaosifiwa kila mahali, bakuli moja lilinipeleka 12.8. Kipande cha kiazi kitamu na mayai mawili, 8.4. Wali sahani ya mlima, 13 na kitu. Wali uleule kiasi cha ngumi yangu, na samaki na matembele ya kutosha, 9.1. Mwili wako unaweza kusoma tofauti na wangu, ndiyo maana nasema pima wewe mwenyewe. Lakini siku ile ya wali mume wangu aliliangalia daftari muda mrefu, akasema, “Kumbe shida si wali, shida ni mlima.”

Hapo ndipo penyewe. Mjini kila mtu ana orodha yake ya vyakula vya wagonjwa wa sukari. Eti ule dona, usile sembe. Eti ugali wa ulezi hauna shida. Eti asali ni dawa. Ukweli ni kwamba dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe na ni chaguo zuri, lakini dona ni wanga, ulezi ni wanga, na muhogo pia. Ukila donge la ukubwa wa kichwa cha mtoto, mwili hautauliza unga ulikobolewa au haukukobolewa. Asali nayo ni sukari, iwe ya Tabora au ya wapi. Na yale mabiskuti ya bei mbaya ya supamaketi yaliyoandikwa hayana sukari, geuza paketi usome nyuma: unga wa ngano upo palepale.

Ile picha ya kwenye friji ilikuwa inasema jambo jepesi sana. Nusu ya sahani mboga: mchicha, kisamvu, bamia, nyanya chungu, kabichi, kachumbari. Robo kitoweo: samaki, dagaa, kuku, mayai. Maharage na kunde hukaa hapahapa. Vina wanga, ila hauingii kwenye damu kwa pupa. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au chapati. Chagua kimoja, usikusanye vyote kama uko kwenye sherehe. Wengine tunaanza na mboga na kitoweo, wanga tunaumalizia mwishoni, na sukari hupanda taratibu zaidi. Kwa wanga wa Kiafrika hii ni kuigeuza sahani juu chini, maana tumezoea mboga iwe ya kusindikizia.

Vinywaji sitavizungusha. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, kama vijiko tisa vya chai. Juisi ya miwa, hata ukikamuliwa mbele ya macho yako, ni sukari ya maji. Tunda lile zima: chungwa, kipande cha papai, nusu ya embe kubwa. Ukishalisaga na kulichuja umebakisha utamu na kutupa kilichokuwa kinauchelewesha.

Sasa suala la sufuria mbili, maana hapa ndipo ndoa nyingi zinapoumia kimyakimya. Mgonjwa anapikiwa chukuchuku lake pembeni, wengine wanakula pilau. Mimi siungi mkono hata kidogo. Kwanza ni gharama na ni kazi mara mbili, na tujuane, kazi hiyo inamwangukia mwanamke hata kama mgonjwa ni yeye. Pili, mtu akitengewa chombo chake anaanza kujiona mgeni ndani ya nyumba aliyoolewa. Na tatu, chakula ninachotakiwa kula mimi ndicho anachotakiwa kula mume wangu mwenye kitambi chake, na watoto pia. Kwetu sufuria ni moja, kinachotofautiana ni upakuaji. Mafuta tumepunguza, nazi tunaweka tui jepesi, chapati ni za Jumapili. Bajeti haikupanda, maana dagaa na maharage havijawahi kuwa chakula cha tajiri.

Na wanaume, msinikimbie. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na mojawapo ya sehemu zinazopata habari mapema ni ile mnayoionea fahari. Mwanamume anakwenda kununua vidonge kwa siri vichochoroni wakati hajapima sukari hata mara moja. Sisi wanawake inatuletea fangasi wasiokwisha, na mwenzio anaanza kukufikiria mengine. Dada, kama fangasi wanarudi kila mara, kapime na sukari. Mambo haya yanaongeleka kitandani vizuri tu kuliko kununiana.

Mtihani mkubwa kwangu ulikuwa ukweni. Mama mkwe wangu ni mtu wa mkono mpana, na kwake mapenzi yanapimwa kwa mwiko. Ukiacha chakula, umemkataa yeye. Mara ya kwanza niliposema “Mama, hiki kinanitosha,” aliniuliza kwa upole kama mkono wake umekuwa mchungu siku hizi. Hilo si jambo la mkwe kulijibu. Ni la mtoto wake! Safari iliyofuata mume wangu alimpigia kabla hatujapanda basi: “Mama, mwenzangu ana sukari, anatumia dawa. Naomba leo nimpakulie mimi.” Hakuongeza neno. Tulipofika tulikuta bakuli la mlenda na samaki wa kuchoma, na pilau likiwa pembeni. Nikala pilau kidogo, nikaomba mlenda mara mbili, na mama akafurahi kwa sababu kuna kitu nilikirudia.

Tukitoka wikiendi hatuhangaiki sana. Nyama choma na kachumbari, ndizi moja ya kuchoma badala ya sinia la chipsi. Wanaokunywa wajue kitu kimoja: pombe kwenye tumbo tupu, kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide, inaweza kuishusha sukari hadi pabaya, hata saa kadhaa baadaye, na watu wakadhani umelewa tu.

Mimi niliongezewa glibenclamide mwaka 2021, kwa hiyo harusi zina utaratibu wake. Kadi inasema saa 12 jioni, chakula kinatoka saa 4 usiku, na huo ndio ukweli wa kumbi zetu. Nakula kidogo nyumbani kabla ya kuvaa. Kwenye mkoba nina kipimo na paketi ndogo ya juisi, ile ninayoikataa siku nyingine zote. Mume wangu anazijua dalili: mikono kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, maneno kutokunyooka. Ikisoma chini ya 4, nakunywa nusu kikombe cha juisi au vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, tunasubiri dakika 15, tunapima tena, kisha natafuta kitu cha kula. Chokoleti hapana, mafuta yake yanaichelewesha sukari. Na nikizimia, asinimiminie kitu chochote mdomoni. Anilaze ubavu, anikimbize hospitali. Hayo tuliyaandika kwenye karatasi mpya, na imebandikwa palepale kwenye friji.