Achague Mwenyewe

Nimefanya kazi ya ualimu kwa miaka 38, na 12 ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Sasa nina umri wa miaka 76. Najua wapo watakaoufungua ukurasa huu wakasema mzee amepotoka. Nawaomba wausome hadi mwisho ndipo watoe alama. Nataka kuzungumzia kitetemeshi, kile kifaa cha faragha ambacho vijana hukiita vaibreta, na kosa nililolifanya nilipokinunua.

Mimi na mwenzangu tulioana mwaka 1974. Ugonjwa wa sukari ulinipata nikiwa na miaka 58 na, kama ufanyavyo kwa wanaume wengi, baada ya muda uliharibu mishipa ya damu na ya fahamu, mpaka mambo ya chumbani yakawa ya kubahatisha. Yeye naye hedhi ilikuwa imekwisha koma, na mwili ukawa mkavu. Tukanyamaza. Tulinyamaza kwa miaka, tukilala kitanda kimoja kama abiria wawili wa basi la usiku. Aliyetufungua vinywa ni daktari wa kliniki, binti mdogo kuliko watoto wetu. Alituuliza mbele yetu wote wawili bila kupepesa macho. Akataja dawa, akataja vilainishi, kisha akataja na kitetemeshi.

Nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho wakuu wa vyuo tumezoea kukifanya: niliamua peke yangu. Nikampigia simu muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Hakuniuliza chochote juu ya huyo atakayekitumia. "Chukua hiki kikubwa, mzee," akasema. "Hiki ndicho wanachokipenda." Kililetwa na kijana wa bodaboda ndani ya mfuko mweusi. Kilikuwa kinene kama mchi, kinanuka kama kandambili mpya, na kilipowashwa kililia kama mashine ya kinyozi. Mwenzangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akanyamaza, akaniuliza: "Mwalimu, hiki umeninunulia mimi, au umejinunulia wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua picha ya mwanamume niliyekuwa zamani, nikaiongeza ukubwa. Na hapa ndipo penye ugomvi wangu na wanaume wenzangu, na wauzaji, na wote wanaodhani kwamba jambo la mwili wa mwanamke linaweza kuamuliwa na mtu mwingine yeyote. Kifaa hiki ni kama miwani. Hakuna mume anayekwenda kupima macho yake ili mkewe apate miwani.

Lakini kosa hili halikuanza dukani. Lilianza darasani, nami ni mmoja wa waliolisomesha. Katika miaka ya tisini, nikiwa mkufunzi wa baiolojia, nilichora ubaoni mfumo wa uzazi wa mwanamke: mirija, mfuko wa uzazi, mayai. Kinembe nilikiruka. Siku moja mwanachuo wa kike aliniuliza kazi ya kiungo hicho ni nini. Darasa likacheka, nami nikamwambia akamwone matroni. Mwaka 1998, nikiwa tayari mkuu wa chuo, daktari wa upasuaji wa Australia, Helen O'Connell, alichapisha uchunguzi uliothibitisha kwamba sehemu kubwa ya kiungo hicho imejificha ndani ya mwili, na kwamba vitabu vya kitabibu vilikuwa vimekichora kidogo kuliko kilivyo. Wanawake wengi hufikia kilele kwa kuguswa hapo, wala si kwa kuingiliwa peke yake. Jambo la msingi kama hilo sikulifundisha. Nikaja kulilipia uzeeni kwa mchi wa plastiki.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya Kizungu. Mwaka 1899 mtafiti wa Austria aliandika habari za Unguja na kutaja vifaa vya faragha vya wanawake vilivyochongwa kwa mpingo. Mpingo ni mti wetu, na mikono iliyochonga ilikuwa ya huku huku. Kilichotoka ng'ambo ni betri tu. Aibu nayo si yetu peke yetu. Mashine ya Kijapani ya kukandia misuli, Hitachi Magic Wand, ilijulikana kwa kazi hii duniani kote, ingawa iliuzwa kama mashine ya kukandia misuli tu. Mwaka 2013 jina la kampuni likaondolewa kabisa kwenye bidhaa hiyo. Sasa, kitu ambacho muuzaji anaona haya kutaja kazi yake, mnunuzi atajifunzaje kukichagua?

Mwenzangu alijifunza mwenyewe. Alichukua simu, akaniambia nihame kiti, na kwa muda wa wiki tatu akasoma. Swali lake la kwanza lilikuwa: kitumike wapi? Akaamua ni nje, kwa hiyo hakuhitaji mchi. Alihitaji kitu cha kuenea kiganjani. La pili lilikuwa mtetemo. Ipo mitetemo myepesi ya juu juu, ambayo yeye iliishia kumkera ngozi, na ipo mizito ya polepole. Alitaka hiyo ya pili, inayoanza chini na kupanda taratibu. La tatu lilikuwa malighafi. Akachagua silikoni, kwa kuwa haina vitundu vya kuficha uchafu na huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Ile plastiki laini yenye harufu aliitupa. Mara nyingi hulainishwa kwa kemikali ambazo baadhi yake Umoja wa Ulaya umezizuia tangu 1999 katika vitu vya kuchezea watoto wanavyotia mdomoni. La nne lilikuwa vidole vyake, vyenye baridi yabisi: alitaka kitufe kimoja kikubwa. La tano lilikuwa kelele, maana wajukuu hulala chumba cha pili. Akaongeza kilainishi cha maji, kwa sababu kile cha silikoni huweza kuharibu kifaa cha silikoni.

Msomaji, katika maswali hayo matano mimi ningepata sifuri. Hata lile la vidole sikulifikiria, nami ndiye ninayemfungulia chupa kila asubuhi. Tena ni mapendeleo yake yeye. Jirani yake akiulizwa huenda akachagua kinyume chake katika kila jambo, na wote wawili wakawa wamefanya sawa. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha usalama wa vifaa hivi, ISO 3533. Kiwango hicho kitakuambia kipi ni salama. Hakiwezi kukuambia kipi kinakufaa.

Wanaume wenzangu huniambia kwamba kifaa hiki humshusha mume. Nawajibu kuwa mkongojo haujawahi kuutukana mguu. Kilichonishusha mimi ni ile miaka ya kimya, ambapo mke wangu aliumia na mimi nikajifanya nimelala. Siku hizi tunazungumza, na kukiwa na maumivu tunakwenda kwa daktari. Usiku mwingine kifaa hakitoki kabatini, na bado tunazungumza.

Wala sisemi kila nyumba ikinunue. Mwenye imani inayomkataza, na asikiguse. Ninachokipinga ni mume kumnunulia mkewe bila kumwuliza, muuzaji kupima kwa ukubwa, na mwalimu kuruka ukurasa.

Mwenzangu amezisoma kurasa hizi kabla sijazipeleka kwa mpiga chapa. Alifuta sentensi mbili, nami sikuzirudisha.

Na kama yule mwanachuo yu hai, na kitabu hiki kimemfikia, jibu la swali lake ni hili: kazi ya kiungo kile ni kumpa mwenye nacho raha. Nilipaswa kumjibu siku ile ile, na kulinyamazisha darasa.