Ganzi Baada ya Upasuaji wa Matundu

Kidonda kidogo nacho huuma. Mwaka 1985, huko Ujerumani, daktari Erich Mühe aliondoa kifuko cha nyongo kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo ya tumbo. Upasuaji wa namna hiyo sasa hufanywa katika nchi nyingi. Hata hivyo mgonjwa huamka na maumivu penye matundu, na pengine begani, kwa sababu hewa iliyojazwa tumboni husumbua kiwambo.

Ndiyo maana daktari hudunga dawa ya ganzi kandokando ya matundu, ili mishipa ya fahamu isipeleke habari za maumivu kwenye ubongo. Lidokaini hudumu saa moja au mbili. Bupivakaini hudumu saa nyingi zaidi. Mgonjwa hupata nafuu ya kuvuta pumzi vizuri na kutembea mapema.

Jamaa wakumbuke kwamba ganzi huisha. Vidonge alivyoandikiwa mgonjwa anywe kabla maumivu hayajapamba moto. Midomo ikifa ganzi au masikio yakivuma, muuguzi aitwe mara moja. Na maumivu ya tumbo yanayozidi siku hata siku, pamoja na homa, si ya kuvumiliwa kiaskari: mgonjwa arudishwe hospitali.