Siku Moja Mlimani, na Baba na Binti Yake

Msomaji wetu mmoja wa Tanga alituandikia barua fupi yenye swali moja tu: "Je, ninyi mngempeleka binti yenu Mlimani?" Binti yake amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Ni wa kwanza katika ukoo wao kufika hapo, na walimu wake wana yakini kwamba matokeo yatakuwa mazuri. Mzee mwenyewe hajawahi kukanyaga chuo kikuu. Anachokijua kuhusu Mlimani amekisikia barazani baada ya Isha: kwamba huko mtoto hajulikani analala wapi, kwamba swala huachwa, kwamba binti anayerudi likizo siye yule aliyeondoka.

Tuliisoma barua ile mara mbili, tukaona kuijibu kwa kalamu peke yake si insafu. Tukamjibu: njoo naye, twende tukaone kwa macho. Wakaja, Alhamisi moja ya mwezi Juni, muhula ukiwa bado unaendelea. Hatukuomba miadi katika ofisi yoyote wala hatukutafuta mwenyeji wa kututembeza, kwa kuwa tulitaka waione kampasi kama atakavyoiona mwanafunzi mgeni atakaposhuka na begi lake.

Jambo la kwanza lililomnyamazisha mzee ni ukubwa. Kampasi ya Mlimani ina ekari zipatazo 1,625, juu ya kilima kilicho kilomita 13 kutoka katikati ya jiji. Ukishapita lango hukuti jengo la chuo. Unakuta barabara, miti mikubwa, tumbili wanaovuka bila haraka, kisha barabara nyingine. Tulitembea kwa muda mrefu tukipita mabweni, viwanja, nyumba za wahadhiri, maduka, kituo cha afya na benki. "Hiki si chuo," mzee akasema akifuta jasho, "hii ni wilaya."

Hakikuanza hivyo. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilihamia kilimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Tulipofika mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, wenye paa lile la mikunjo, mzee alitoa noti ya zamani ya shilingi 500 mfukoni mwa kanzu, akaigeuza nyuma, akalinganisha picha na jengo. Miaka yote noti ile ilipokuwa ikitumika aliishika sokoni bila kujua ni nini kilichochorwa. Binti alicheka, nasi tukafurahi, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa hajasema neno.

Ukubwa huo ndio tulioutaka waufahamu, maana ndani yake mna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto wetu ametoka shule ya bweni. Huko kengele ilimwamsha, kengele ikamlaza, mwalimu wa zamu alihesabu vichwa na matroni alijua nani hajala. Mlimani hakuna kengele. Kuna kumbi za mihadhara ambamo mamia ya wanafunzi husikiliza mhadhiri mmoja, naye hawezi kujua kwamba binti wa Tanga hakuja leo, wala jana, wala wiki iliyopita. Vipindi vya kwanza huanza saa moja asubuhi, vingine hupita Magharibi, na katikati mna saa nyingi tupu ambazo hakuna mtu atakayemwambia azitumieje.

Hesabu ya masomo nayo haimsubiri anayezinduka mwishoni. Alama 40 kati ya 100 hupatikana muhula unapoendelea, kwa majaribio na kazi za kuandika. 60 ndizo za mtihani wa mwisho. Aliyepuuza wiki za mwanzo huingia katika mtihani akiwa na deni. Wanafunzi wana neno lao kwa yule anayeondolewa masomoni, husema "amedisco", na hulitamka kwa mzaha ambao mzazi akiusikia hawezi kucheka.

Tulipumzika panapoitwa Mdigrii, chini ya miti, mahali ambapo vizazi vya wanafunzi vimejisomea kwa makundi. Kijana mmoja wa mwaka wa pili alitupisha kwenye benchi. Binti akapata ujasiri, akamwuliza ni kipi kilichomsumbua zaidi alipofika. Tulitarajia ataje mitihani. Akasema: "Wiki tatu za mwanzo hakuna mtu aliyeniita kwa jina langu." Akaongeza kwamba alikuwa akienda maktaba si kusoma bali kukaa mahali penye watu. Mzee akamtazama kijana yule kwa muda, kisha akamwuliza kwao ni wapi.

Maktaba yenyewe twende tuione, tukawaambia. Ni jengo jipya lililofunguliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China, linaloweza kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Kwa mtoto aliyesoma kidato cha sita akigombea kitabu kimoja na wenzake saba, kuliona tu ni tukio. Katika safari nzima hapa ndipo binti alipotembea mbele yetu.

Basi tuyatazame yale ya barazani, maana mzee hakuyasahau.

Kuhusu kulala, baraza halikukosea sana. Vitanda vya chuo havitoshi, na asiyelijua hilo mapema huadhirika. Mabweni yaliyofunguliwa Aprili 2017, yale yanayoitwa Hosteli za Magufuli, yana nafasi 3,840. Yapo mabweni ya zamani ndani ya kampasi, na yapo ya Mabibo, ambayo yako mbali na kampasi kiasi cha kuhitaji gari. Wanaobaki hupanga vyumba Changanyikeni, Msewe, Makongo, Sinza na kwingineko, na chumba hicho wao hukiita "geto". Hapa ndipo tunapomsihi mzazi asiache jambo mikononi mwa bahati. Maombi ya bweni yatumwe siku ya kwanza yanapofunguliwa. Na kama hapana budi kupanga, mzazi au mjomba au shangazi afike mwenyewe, akione chumba, amwone mwenye nyumba, aulize maji na usalama wa njia saa mbili usiku, kisha ajue majina ya wasichana watakaokaa pamoja. Tumeona familia zinazopeleleza miezi sita kabla ya kuoza, lakini binti wa miaka 19 humkabidhi chumba cha kupanga kwa simu moja tu.

Fauka ya hayo, si wanafunzi wote wa chuo hiki husoma kilimani. Masomo ya kompyuta na mawasiliano yako Kijitonyama. Vyuo vishiriki vya elimu, vilivyoanza mwaka 2005, viko Chang'ombe na Iringa. Mtu asome vizuri jina la kozi na mahali inapofundishwa kabla ya kulipia chumba cha mwaka mzima Msewe.

Kuhusu swala, baraza limekosea. Msikiti upo ndani ya kampasi, na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, MSAUD, ipo. Mabinti wenye hijabu tuliwaona kila tulipopita, wakikimbilia mihadhara na vitabu kifuani, na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Linalotokea ni kwamba hakuna anayelazimishwa. Kipindi kikiangukia wakati wa Adhuhuri, mwanafunzi mwenyewe ndiye atakayejipanga, na aliyekuwa akiswali kwa kumwogopa baba ataligundua hilo katika wiki ya kwanza. Hilo si kosa la chuo. Mzee aliposikia hivyo alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi kazi ilikuwa yangu, tena imekwisha." Tukamwambia haijaisha yote.

Lipo jambo ambalo baraza halikulitaja, nasi hatukutaka kulinyamazia mbele ya binti, ingawa mzee aliinamisha macho. Ni rushwa ya ngono: mwenye mamlaka juu ya alama kumtaka mwanafunzi mwili wake. Ni balaa lililozungumzwa hadharani nchini kuhusu vyuo vikuu, na TAKUKURU imelifanyia uchunguzi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalihesabu kuwa kosa la jinai, na namba ya bure ya kutoa taarifa ni 113. Lakini binti hatapiga namba yoyote ikiwa anaamini kwamba akisema nyumbani, la kwanza atakaloulizwa ni alikuwa amevaa nini. Tulimwomba mzee amwambie binti yake palepale, kwa kinywa chake, kwamba likimfika jambo kama hilo yeye baba atakuwa upande wake. Alimwambia. Maneno yalikuwa machache na yalitoka kwa shida, na binti akatazama chini akaitikia, "Nimesikia, baba."

Na hapa tuseme lililomo moyoni: kwa miaka yote tuliyoandika ukurasa huu hatujapokea barua hata moja ya mzazi anayeuliza iwapo Mlimani ni mahali salama kwa mwanawe wa kiume. Kijana hupewa nauli na dua. Ilhali yule tuliyemkuta Mdigrii, aliyekaa wiki tatu bila kuitwa kwa jina, alikuwa mvulana.

Fedha hatutazirefusha, ila mambo mawili yanafaa kujulikana. Mwanafunzi aliyepata mkopo wa chakula na malazi hukadiriwa shilingi 10,000 kwa siku, lakini hazitolewi kwa siku. Huja kwa mkupuo, ndiyo maana wenyewe huziita "boom". Mtoto ambaye hajawahi kushika zaidi ya nauli hujikuta na laki kadhaa kwa mara moja, na wiki mbili za mwanzo huwa za kuku na simu mpya, na za mwisho za chai kavu. Mwenye kuweza na aanze sasa, kabla ya Oktoba, kumkabidhi mtoto matumizi ya nyumba ya wiki nzima na asimwokoe zikiisha Jumatano.

La pili ni lile linalowafanya baadhi ya familia zetu kuukataa mkopo wa Bodi. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kutunza thamani ya mkopo na ambayo wengi waliiona kuwa ni riba, ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji. Marejesho ya mwajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara. Aliyebaki na shaka juu ya hukumu yake amwendee mwanachuoni anayemwamini, naye aende na karatasi ya masharti ya sasa mkononi. Tunawajua watoto waliobaki nyumbani kwa sababu ya fatwa iliyotolewa juu ya masharti ambayo hayapo tena.

Tuliswali Alasiri msikitini. Wanafunzi wawili wa kike walimchukua binti upande wao, na alipotoka alikuwa na majina mawili na namba mbili za simu. Mzee akaziomba naye, akaziandika nyuma ya bahasha, chini yake akaandika ya kijana wa Mdigrii. Kisha akatuuliza tena swali la barua yake, safari hii uso kwa uso. Tukamjibu kwamba ndiyo, tungempeleka. Lakini tungejua kwanza ni nani atakayemwuliza kila wiki umekula nini, umehudhuria nini, unalala wapi, na tungemzoesha kuulizwa bila kuhisi anapelelezwa. Na kama katika Dar es Salaam nzima hatuna mtu wa namna hiyo, tungemtafuta kabla hatujatafuta godoro.

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, binti alisema anataka kurudi maktaba peke yake, kisha atembee kwa miguu hadi langoni, nasi tumsubiri huko. Baba yake alifungua kinywa akakifunga. Tukashuka, tukakaa kivulini karibu na wauza karanga. Dakika 20 zikapita, zikawa 40. Mzee alitoa simu mara tatu na mara tatu akairudisha mfukoni. Hatimaye tukamwona akiteremka kwa mwendo wake wa kawaida, viatu vimejaa vumbi.

"Ulipotea?" baba akauliza.

"Mara mbili. Nikauliza."

Wamerudi Tanga usiku uleule. Wanasubiri matokeo ya Julai, na mzee ametuma ujumbe kwamba amekwisha zungumza na dada wa mkewe anayeishi Ubungo. Kuhusu bweni, bado hawajui.