Masafa Mafupi Yafikayo Mbali

Yako maneno ambayo lugha huyapokea kwa haraka na kuyatumia kwa miaka mingi pasipo kuyapima. Mojawapo ni neno *masafa*. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ndiyo maana yake kwetu: ni umbali ulio baina ya mahali na mahali. Mtu akisema ya kuwa toka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni masafa marefu, hapana atakayemwuliza amekusudia nini. Walakini redio ilipoingia katika nchi zetu, neno hili lilitwikwa mzigo wa pili, kisha wa tatu. Katika maneno *masafa mafupi* lilifanywa kuwa urefu wa wimbi. Na pale kituo cha FM kinapotangaza ya kuwa chasikika katika "masafa ya tisini na nukta kadhaa", limefanywa kuwa idadi ya mawimbi yapitayo katika sekunde moja. Makala haya yadai jambo moja tu: kwamba mzigo huu wa tatu hauchukuliki, na kwamba wasomi wauachao ukae hapo ulipo waidhulumu lugha pamoja na wale wajifunzao kwayo.

Na tuutazame ushahidi. Mawimbi yaitwayo masafa mafupi ni yale yaliyo baina ya megahezi 3 na megahezi 30, nayo kwa istilahi ya mataifa yote huhesabiwa kuwa ni ya marudio ya juu. Basi, ikiwa masafa ni marudio, hapana budi mawimbi yale yale yaitwe kwa pumzi moja "masafa mafupi" na "masafa ya juu". Mwanafunzi mwenye akili atauliza: masafa hayo hayo yawezaje kuwa mafupi na ya juu pamoja? Akijibiwa ya kuwa yote mawili ni kweli, atadhani kwamba elimu ya fizikia ni fumbo, kumbe fumbo ni la mwalimu na neno lake. Tena kuna kichekesho kingine. Haya yaitwayo masafa mafupi ndiyo yafikayo mbali. Kutoka Dar es Salaam mpaka Ujiji, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1000, na wimbi la kati haliwezi kuumaliza mwendo huo wakati wa mchana. Wimbi fupi hupanda mpaka katika tabaka za anga zenye umeme, zaidi ya kilomita 100 juu ya vichwa vyetu, likarudishwa chini ng'ambo ya nyika na milima. Kumwambia mvuvi wa Kibirizi ya kuwa habari za pwani zamfikia kwa masafa mafupi ni kumwambia kinyume cha yale ayajuayo.

Hapana haja ya kwenda katika maabara ili kuitambua tofauti tunayoisema. Mtu na asimame katika mwalo wa Ujiji au wa Katonga wakati upepo wa kusi unapovuma, autazame mti uliosimikwa majini. Aweza kupima mambo mawili. La kwanza ni umbali toka mgongo wa wimbi moja mpaka mgongo wa wimbi lifuatalo: huo ndio urefu wa wimbi, nao hupimwa kwa mita. La pili ni mara ngapi migongo hiyo hupita penye ule mti katika dakika moja: hayo ndiyo marudio, nayo huhesabiwa kwa mara wala si kwa mita. Katika mambo ya redio mara hizo huhesabiwa kwa sekunde, na mara moja kwa sekunde huitwa hezi, kwa ukumbusho wa Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi hayo huko Karlsruhe baina ya mwaka 1886 na 1888. Na kwa kuwa mawimbi ya redio hewani huenda kwa mwendo wa kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, ukigawanya 300,000 kwa idadi ya kilohezi utapata mita. Kilohezi 5050, ambamo Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikika kwa miaka mingi, ni mita 59.4; kilohezi 11735 za Redio Tanzania Zanzibar zilikuwa mita 25.6. Moja likipanda, jingine hushuka. Vitu viwili viendavyo kinyume namna hii vyawezaje kuitwa kwa jina moja?

Ziwa lafundisha zaidi ya hayo. Wimbi litokalo kilindini, likifika penye maji haba karibu na ufuko, mwendo wake hupungua na migongo yake husogeleana. Urefu wake umekuwa mdogo. Lakini idadi ya mawimbi yapitayo kwa dakika haikubadilika, maana kila wimbi lililotoka kilindini lazima lifike ufukoni kwa zamu yake. Ndivyo yalivyo na mawimbi ya redio: yakitoka hewani na kuingia katika waya wenye ganda au katika maji, urefu wake hupungua, lakini marudio yake ni yale yale yaliyotolewa na mtambo. Marudio ni nasaba ya wimbi. Urefu ni hali yake ya safarini. Lugha isiyoweza kutenga nasaba na hali ya safarini haijawa tayari kwa elimu hii, na kosa si la lugha, ni letu sisi tuisemao.

Sasa tuwatazame wenyewe wapendao kusikiliza redio. Ziwa Tanganyika ni mpaka wa nchi nne, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na kwa ajili hiyo mshale wa redio katika miji ya ufuko huo ulikuwa na mengi ya kukutana nayo: Dar es Salaam na Unguja, Bujumbura katika kilohezi 6140, na idhaa za Kiswahili za ng'ambo, ya London iliyoanza mwaka 1957, ya Peking mwaka 1961, ya Marekani mwaka 1962 na ya Ujerumani mwaka 1963. Hiyo ya Ujerumani ilikuwa na mitambo yake huko Kigali tangu mwaka 1965 hata ilipofungwa mwaka 2015. Wasikilizaji wa namna hii, hapa kama kwingineko duniani, wamekuwa makundi mawili. Wazee hutaja mita, kwa sababu nyuso za redio zao ziliandikwa mita. Vijana wenye redio za tarakimu hutaja kilohezi, na wengine wao huwaona wazee kuwa ni washamba. Mimi nakubali ya kuwa vijana wana haki katika jambo moja, walakini dharau yao haina msingi.

Haki yao ni hii. "Mita 31" ni jina la mtaa, si namba ya nyumba. Mtaa huo waanza kilohezi 9400 mpaka 9900, yaani toka mita 31.9 mpaka mita 30.3, na vituo ndani yake hupangwa kwa kutengana kilohezi 5. Nyumba mia moja, basi. Kituo cha kilohezi 9600 na jirani yake wa 9605 wapitana kwa urefu wa sentimita moja na nusu hivi tu, na hapana uso wa redio uliopata kuandikwa kwa udogo huo. Mtangazaji atajaye "mita bendi 31" akanyamaza amempeleka msikilizaji mtaani usiku na kumwacha abishe hodi kila mlango. Hili si jambo la mchezo. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi wa Burundi katika mwaka 1972, na 1993, na tena 2015; mtu atafutaye habari za kwao gizani, naye betri zake zinakwisha, apaswa kupewa namba kamili.

Lakini vijana wasisahau ya kuwa antena haikatwi kwa kilohezi. Atakaye kutandika waya toka paa la nyumba mpaka mwembe, ili upokee vizuri kilohezi 5050, lazima ajue ya kuwa nusu ya wimbi hilo ni mita 29.7. Mita si ujinga. Ni kipimo chenye kazi yake. Ubaya waanza pale mita na kilohezi vyote vinapoitwa masafa, hata watu wawili wakashindana usiku kucha pasipo kujua ya kuwa hawasemi jambo moja.

Historia nayo yatushuhudia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma wapenzi wa redio wasio wa serikali wala wa biashara katika mawimbi ya mita 200 na pungufu, kwa kuwa yalidhaniwa hayana faida. Mwezi wa Novemba 1923 wapenzi hao wa Marekani na Ufaransa wakaongea kwa mawimbi hayo mafupi kuvuka bahari ya Atlantiki. Kilichoitwa kifupi tangu mwanzo ni wimbi. Waarabu nao husema mawimbi mafupi, na kwa marudio wana neno lingine lenye maana ya kwenda na kurudi. Sisi tulichukua neno lao la umbali, tukalipa kazi ambayo wao wenyewe hawakulipa.

Wako watakaosema: lugha ni mazoea, na neno limekwisha kuzoewa, hata Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania husimamia "masafa". Najibu ya kuwa sokoni mtu aseme apendavyo, na *masafa mafupi* libaki kuwa jina la kale la sehemu moja ya redio. Lakini kitabu cha fizikia si soko. Wengine watasema ya kuwa *marudio* tayari ni kipindi kinachotangazwa mara ya pili. Ni kweli, na haidhuru. Neno *kaa* ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, na ni amri ya kuketi, wala hatukosani, kwa sababu maana hizo hazikutani katika sentensi moja. Maana za *masafa* zakutana kila siku: "Kituo hiki cha masafa mafupi kina masafa ya juu, nacho chafika masafa marefu." Asomaye na aniambie mwanafunzi ataandika nini katika mtihani.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Katika Tanzania mtoto hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha katika sekondari hugeuziwa Kiingereza, na wanaoutetea mgeuko huo husema ya kuwa Kiswahili hakiwezi kuchukua sayansi. Kila neno tunaloliacha likiwa na maana zinazopingana ni silaha tunayowapa bure.

Basi watunga kamusi waandike *urefu wa wimbi* peke yake na *marudio* peke yake, na *masafa* walirudishie umbali. Walimu wafundishe mambo mawili kwa maneno mawili. Watangazaji wataje marudio kwa kilohezi kamili, kisha mtaa wa mita kwa wale wenye redio za zamani. Kazi hii haihitaji fedha wala mitambo. Yahitaji mwandishi mmoja baada ya mwingine kukataa neno rahisi palipo na neno sahihi.