Muscat Si kwa Mjomba

Kuna imani iliyoota mizizi Unguja na Pemba, Tanga na Mombasa, na imevuka bahari hadi kwenye baraza za Ruwi na Seeb huku Muscat: kwamba Mswahili akifika Oman hajafika ugenini. Lugha ataikuta, dini ni ile ile, na kila mtaa una mtu mwenye shangazi Mkunazini au babu aliyezikwa Wete. Basi hata akiugua, wanasema, asitie shaka. Oman matibabu ni bure, na ndugu wapo wa kumsimamia.

Imani hii naipinga kwa sababu inaumiza watu. Inawatoa kwao bila karatasi, bila bima, bila kuuliza swali lolote la maana, halafu maradhi yakija inawaacha wakihangaika na bili wasiyoweza kuilipa.

Haikuzuka hivi hivi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliondoka Zanzibar. Wengi wao hawakuweza kwenda moja kwa moja Oman, ambayo wakati huo ilifungwa na Sultani Said bin Taimur. Walitawanyika Dubai, Kuwait, Cairo na Uingereza. Mambo yaligeuka tarehe 23 Julai 1970, mwanawe Qaboos alipochukua madaraka na kuwaita Waomani wa nje warudi kujenga nchi. Nchi yenyewe ilikuwa na shule tatu, na hospitali zake ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wale waliosoma Unguja na Ulaya walijaza maofisi, madarasa, kampuni ya mafuta na wodi za hospitali. Royal Hospital ikafunguliwa Ghubra mwaka 1987, hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos ikafuata Al Khoud mwaka 1990. Mwaka 2000, Shirika la Afya Duniani lilipoipima mifumo ya afya ya nchi 191, Oman ilishika nafasi ya 8 kwa jumla, na ya kwanza katika kipimo cha afya ambayo nchi inaipata kwa kile inachokitumia. Ni kazi ya kuheshimiwa, na sehemu yake imefanywa na mikono ya watu waliozaliwa Zanzibar.

Habari zikarudi visiwani: mjomba kapasuliwa moyo Royal, hakutoa hata baisa moja. Zilikuwa habari za kweli. Lakini mjomba alikuwa raia.

Hilo ndilo linalosahaulika kila hadithi inaposimuliwa. Waliorudi baada ya 1970 walipewa uraia, na matibabu ya bure waliyapata kwa uraia huo. Hawakuyapata kwa kujua Kiswahili wala kwa kutoka Malindi au Chake Chake. Msikilizaji aliyebaki nyumbani, aliyekulia Zanzibar ambako serikali ya Mapinduzi nayo ilitangaza matibabu bure, alisikia neno moja tu. Akadhani ni bure ile ile, na yeye yumo.

Mwenye uraia wa Oman anaandikishwa katika kituo cha afya cha eneo analoishi. Akizidiwa anapewa rufaa kwenda polikliniki, kisha hospitali kubwa: Khoula kwa mifupa na ajali, Al Nahdha, Royal na nyinginezo. Mgeni anayefanya kazi katika sekta binafsi hayumo katika ngazi hiyo. Yeye mlango wake ni kliniki na hospitali za binafsi, ambazo Muscat zimejaa kuanzia Ruwi hadi Mabela, na anaingia kwa kadi ya bima au kwa pesa taslimu. Rial moja ni dola 2.6 za Marekani. Mtu anayelipwa rial 80 kwa mwezi, na nusu ameshaituma kwao, akiandikiwa kipimo cha damu, picha ya tumbo na dawa za wiki mbili, mwezi wake umekwisha.

Dharura ni jambo jingine. Ukigongwa na gari kwenye barabara ya Sultan Qaboos, namba ni 9999, na hospitali ya serikali itakupokea. Lakini dharura ina mwisho. Ukishatulia bili inaanza kuandikwa, na maradhi mengi yanayowasumbua wageni hayana sura ya dharura: presha, sukari, figo zilizochoshwa na joto, mimba, jino, huzuni ya muda mrefu. Hayo yanataka daktari yule yule, miadi baada ya miadi, na mtu wa kulipa.

Serikali ya Oman yenyewe imeliona pengo hilo. Mwaka 2019 ilitolewa sera ya bima ya afya ya aina moja kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, na mfumo wake ukaitwa Dhamani, ila utekelezaji umekwenda kwa awamu na kwa mwendo wa polepole. Sheria ya Kazi ya mwaka 2023 nayo imeongeza likizo ya ugonjwa hadi siku 182, mshahara ukipungua kadiri siku zinavyosonga. Mhandisi, mwalimu au mhasibu kutoka Dar es Salaam au Nairobi ana mahali pa kushika. Naye asome kadi yake vizuri: je, inagusa uzazi, meno, maradhi aliyokuja nayo, mke na watoto? Mama mzazi aliyeletwa kwa viza ya kutembelea ili "aonwe na madaktari wazuri" hayumo kabisa katika kadi ya mwanawe. Wazee wengi wameletwa hivyo, na familia nyingi zimeingia katika madeni.

Mhandisi anaweza kujitetea. Kinachonikera zaidi ni yanayompata dada wa kazi.

Wafanyakazi wa majumbani wameachwa nje ya Sheria ya Kazi. Wana kanuni zao, na mkataba wao wa kawaida unamtaka mwajiri abebe chakula, malazi na matibabu. Kwenye karatasi hilo ni jema. Lakini karatasi ni ya Kiarabu na Kiingereza, na mara nyingi binti anaiona mara ya kwanza akiwa ameshafika, ikiwa ataiona. Na hapa ndipo imani ya undugu inapofanya madhara yake makubwa. Angekuwa anakwenda kwa watu asiowajua kabisa, wazazi wake wangeuliza: mshahara kiasi gani, siku ya mapumziko ni ipi, akiugua nani anampeleka hospitali? Lakini wameambiwa anakwenda kwa Bi fulani, ni watu wetu, wanazungumza Kiswahili, atakuwa kama mtoto wa nyumbani. Nani atathubutu kumdai shangazi mkataba? Kuuliza kunaonekana utovu wa adabu. Undugu unafuta mkataba kabla haujaandikwa.

Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walizungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi hizo. Wanawake hao walieleza kunyang'anywa pasipoti, kunyimwa mishahara, kufanya kazi saa 15 hadi 21 kwa siku. Mtu anayefanya kazi saa 21 atapata wapi nafasi ya kusema kwamba kichwa kinamgonga tangu juzi?

Kuhusu lugha, ambayo watu huiona ndiyo kinga kuu: ingia kliniki ya binafsi Al Khuwair. Aliyekaa mapokezi na anayekupima presha huenda ni watu wa Kerala. Daktari ni Mhindi, Mmisri au Msudani. Wapo Waomani wanaozungumza Kiswahili katika hospitali za mji huu, tena wengine ni madaktari hodari, lakini wengi wako upande wa serikali, na vijana wa nyumba za Kizanzibari siku hizi wanazungumza Kiarabu na Kiingereza zaidi kuliko lugha ya bibi zao. Basi dada wa kazi anatafsiriwa na nani? Na mwajiri wake. Anayezungumza Kiswahili. Anakaa naye chumbani kwa daktari, anasikia kila kitu, anaamua kipi cha kufikisha na kipi cha kuacha, kisha ndiye anayelipa na ndiye anayeamua kama kipimo kile kina haja. Binti mwenye maumivu chini ya kitovu, au mwenye michubuko ambayo asili yake imo ndani ya nyumba ile ile, atasema nini mbele ya mkalimani huyo? Lugha tunayoisifia kuwa inamlinda ndiyo inayomnyima faragha. Mfilipino ambaye mwajiri hamwelewi anaitiwa mfanyakazi wa hospitali anayejua Kiingereza, akapata angalau dakika tano za kusema yake.

Na akikimbia nyumba hiyo? Mwajiri anatoa taarifa kwamba ametoroka, hali yake ya ukaazi inaharibika, na bila bataka halali, yaani kitambulisho cha ukaazi, kila mlango rasmi unamtia hofu, wa hospitali ukiwemo. Oman hutangaza msamaha mara kwa mara, kama ule ulioanza mwishoni mwa 2020, ili walio bila makaratasi waondoke bila faini. Lakini msamaha humkuta mtu ameshaumwa miezi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa nimesahau michango: kundi la WhatsApp likipata habari kwamba fulani amelazwa, kwa siku mbili rial mia tano zinapatikana. Nitaambiwa juu ya akina mama wa Kizanzibari wa mji huu wanaopika uji na kuupeleka wodini kwa mtu wasiyemjua jina. Sijasahau. Nimewaona, na nchi niliyotoka inawadai shukrani. Lakini huruma humfikia anayejulikana. Humfikia mwenye simu, mwenye mtu wa kumpigia, mwenye ugonjwa usio na aibu. Yule aliyenyang'anywa simu Barka, ambaye kundi halina habari zake, hachangiwi. Na katika michango hiyo, mingi ni ya kusafirisha maiti. Tumekuwa hodari wa kumrudisha mtu kwao akiwa ndani ya sanduku kuliko kuhakikisha ana kadi ya bima akiwa hai.

Nitajibiwa pia kwamba nyumba nyingi za Waswahili hapa huwatendea wema wafanyakazi wao. Ni kweli, na wema huo unanipa hoja zaidi. Kama nyumba ni njema, kuandika kwenye mkataba kwamba italipa matibabu hakuipunguzii kitu.

Jambo moja zaidi linaonyesha jinsi undugu usivyo na uzito mbele ya utaratibu. Kabla ya viza anayetafuta kazi hupimwa kwenye vituo vilivyoidhinishwa, mtindo ambao wengi bado wanauita GAMCA ingawa sasa ni Wafid, na akifika Muscat hupimwa tena kabla ya bataka: kifua kikuu, homa ya ini, virusi vya UKIMWI. Majibu yakitoka vibaya, hakuna shangazi wa Seeb atakayeyabadilisha, mtu anarudishwa. Dawa za maumivu kama tramadol, zinazouzwa kiholela katika baadhi ya maduka yetu, huku zinadhibitiwa vikali, na kuzibeba bila cheti cha daktari ni kujitafutia kesi. Mjamzito asishangae kuombwa cheti cha ndoa. Mambo haya wanayajua mawakala, wanayajua ndugu walioko huku, na hawayasemi kwa sababu yanachafua picha ya nchi ya asali.

Serikali zetu nazo zimejificha nyuma ya picha hiyo. Dodoma, Zanzibar na Nairobi zinapenda kuzungumza juu ya uhusiano wa kihistoria, majumba ya Masultani na karafuu. Sawa. Lakini uhusiano wa kihistoria ungepimwa kwa jambo dogo: kwamba hakuna mkataba wa kazi ya nyumbani unaopigwa muhuri kabla haujaandikwa pia kwa Kiswahili, ukataja jina la kampuni ya bima na namba ya kadi. Balozi za Tanzania na Kenya zipo Muscat. Ziweke mkalimani wa kumsindikiza mgonjwa, hata kama ni wa siku mbili kwa wiki.

Nanyi jamaa zangu wa Al Hail, Mawaleh na Azaiba, mnaoleta mabinti kutoka visiwani kwa sababu mnataka mtu anayejua kupika mkate wa kumimina na kuzungumza na bibi: mkimpeleka mmoja wao kwa daktari, subirini nje. Mwacheni azungumze na daktari peke yake, mtafute mkalimani mwingine. Bataka yake na kadi yake ya bima akae nazo mwenyewe.

Na wewe uliye Makunduchi, Tanga au Kisauni, mwenye mtoto au mdogo wako anayesubiri viza, muulize leo: ukiugua huko nani analipa, na limeandikwa wapi? Kama jibu ni jina la ndugu, asipande ndege.