Nguva hahitaji selfi yako
Wasee, mnanitumia video za watu wakiogelea na manatii kule Florida, mnaniuliza: "Sisi tutaenda lini?" Kwani mmesahau nguva, binamu yake? Shuka kutoka Garsen hadi Kipini, Tana inapoingia baharini. Kuanzia hapo hadi Lamu ndiyo kwake.

Ila wamebaki wachache mno. Mwaka 2022, IUCN iliwaweka nguva wa Afrika Mashariki kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Jarife linawamaliza: nguva hupumua hewa kama sisi, akinaswa chini anakosa pumzi. Na huzaa mtoto mmoja tu, kwa miaka kadhaa.

Sasa mvuvi akikata wavu amwokoe, watoto wake watakula nini? Mimi nasema kabla ya kuuza safari za kuogelea, tumlipe wavu wake kwanza.