Mtoto Naye Huagwa

Kwetu Waswahili, kuondoka bila kuaga ni utovu wa adabu. Mgeni akinyanyuka kimya kimya akatoka, wenyeji hubaki wakijiuliza wamemkosea nini. Anayekwenda kazini huaga, anayekwenda dukani huaga, na hata marehemu tunakusanyika kumuaga. Yupo mtu mmoja tu ambaye tumejiruhusu kumnyima heshima hiyo: mtoto wa miaka mitatu au minne anayepelekwa chekechea kwa mara ya kwanza. Kila Januari shule zinapofunguliwa, anaonyeshwa bembea au mdoli, mwalimu anamkonyeza mzazi, mzazi ananyata hadi getini na kutokomea. Mtoto akigeuka, mama hayupo. Wengi tunaiona hiyo kuwa busara, kwamba tumemwepusha na uchungu wa kuagana. Naamini tunakosea, na kosa lenyewe si dogo. Siku ile ile anapoanza shule, tunamfundisha kwamba akijisahau kidogo kwa mchezo, anaowapenda hutoweka.

Kilio chenyewe si ugonjwa wala si deko. Tangu akiwa na miezi minane hivi, mtoto huanza kumlilia mlezi wake anapotoka, na tabia hiyo hupungua taratibu kadiri anavyokua, ingawa huweza kurudi kwa nguvu anapoingia mahali pageni kama darasani. Moja ya tafiti za mwanzo kabisa kuhusu jambo hili haikufanyika Ulaya wala Marekani, ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1950, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akarudi mara kwa mara kwa miezi kadhaa kuwatazama watoto na mama zao. Aliwaona wakilia mama anapotoka, wakitambaa kumfuata, na wengine wakimpokea kwa kupiga makofi anaporejea. Aliona pia kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye aliyethubutu kutambaa mbali kuchezea vitu, kisha akageuka kuhakikisha kwamba mama yupo. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alipanga jaribio la mama kutoka chumbani kwa dakika chache na kurudi, akagundua kuwa tofauti kubwa kati ya mtoto na mtoto haikuwa katika wingi wa machozi mama alipotoka. Ilionekana zaidi katika namna kila mtoto alivyompokea mama aliporudi. Hao walikuwa wachanga wasioweza kuelezwa kitu. Wa chekechea anaelewa maneno, na hilo linatupa uwezo ambao mama wa mtoto mchanga hana: tunaweza kumwambia tunakwenda wapi na tutarudi lini. Kutoroka ni kuutupa uwezo huo.

Najua jibu la walimu wengi, na lina ukweli ndani yake. Wanasema mzazi anayeaga huamsha kilio, na mtoto mmoja akianza, darasa zima hufuata. Anayetoroka huacha utulivu. Asubuhi ya kwanza huenda ikawa hivyo. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake mtoto yule yule hakubali tena kuangalia bembea, anashikilia gauni la mama tangu nyumbani, na jioni anamfuata mpaka mlango wa choo, kwa kuwa sasa ana sababu ya kutomwondolea macho. Kuhusu ule utulivu wenyewe, tusiuamini upesi. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha Uingereza filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini siku nane mbali na wazazi wake. Madaktari na wauguzi wa zama hizo waliamini kwamba mtoto akinyamaza amezoea, na ziara za wazazi walizibana kwa kuwa ziliwaliza watoto. Filamu ilionyesha kwamba kunyamaza kunaweza kuwa ni kukata tamaa. Mwaka 1959 ripoti ya serikali, iliyojulikana kama Ripoti ya Platt, ilipendekeza hospitali ziwafungulie wazazi milango. Asubuhi moja ya chekechea si siku nane za wodini, na sitaki kumtisha mzazi yeyote kwa mfano huo. Ninachochukua hapo ni kimoja: ukimya wa mtoto si ushahidi wa kutosha kwamba yuko salama moyoni.

Kuaga vizuri hakuchukui muda. Mzazi huchuchumaa, akamtazama mtoto usoni, akamwambia anakwenda kazini na atakuja kumchukua, akamkumbatia mara moja, akaondoka bila kurudi nyuma kila anaposikia sauti. Kurudi rudi mlangoni huumiza kuliko kuondoka, maana humwonyesha mtoto kwamba hata mama haamini mahali hapa. Wakati nao uelezwe kwa lugha yake. "Nitakuja saa sita" ni maneno matupu kwa mtoto wa miaka minne, lakini "mtakunywa uji, mtacheza nje, mtaimba, halafu nitakuja" ni saa anayoweza kuisoma mwenyewe. Akitaka kubeba kipande cha kanga ya mama chenye harufu ya nyumbani, aachwe akibebe; hakuna mtaala utakaoharibika kwa kanga. Kisha ahadi itimizwe. Anayechelewa kumchukua mtoto wiki ya kwanza, bila kutuma hata jirani anayemjua, anabomoa jioni alichojenga asubuhi. Na yapo maneno ambayo yangepaswa kukoma kabisa getini: kwamba askari atamkamata anayelia, kwamba mbona mwenzake hajifanyi mtoto mdogo, na baya kuliko yote, "ukilia sitakuja kukuchukua." Hofu ya mtoto ni hiyo hiyo ya kutochukuliwa, nasi tunamthibitishia kwa kinywa chetu.

Wako watakaosema haya ni malezi ya kuiga, kwamba watoto wetu wamelelewa na watu wengi tangu zamani, na hakuna aliyekuwa akichuchumaa kuwaaga. Hoja hii naiheshimu, ila naona inanisaidia mimi. Mtoto aliyeachwa kwa bibi, kwa shangazi au kwa jirani aliachwa kwa mtu aliyemjua sauti, harufu na mgongo, katika ua alimozoea kucheza. Mazoea yalitangulia kuachwa. Chekechea imegeuza mpangilio huo: tunamwacha kwanza kwa mgeni, kisha tunangoja azoee. Na wale watoto wa vijiji vya Uganda waliishi karibu na jamaa na majirani, lakini bado walimlilia mama. Malezi ya wengi hayajawahi kumaanisha kwamba mtoto hachagui nani wa kumkimbilia.

Pingamizi zito zaidi ni la nafasi na muda. Tanzania, sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na hatua hiyo iliwaleta darasani watoto ambao vinginevyo wasingefika. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini katika shule nyingi za umma idadi hiyo ni ndoto. Mwalimu mwenye watoto mara tatu ya hao hawezi kumbembeleza kila mmoja, na mama anayeuza mbogamboga alfajiri hawezi kukaa darasani wiki nzima. Huko Ujerumani upo utaratibu unaoitwa wa Berlin, uliobuniwa kwa watoto wadogo zaidi, ambamo mzazi hukaa na mtoto kituoni siku tatu za mwanzo na kujaribu kuondoka kwa muda mfupi siku ya nne. Sipendekezi tuunakili. Nachukua wazo lake tu, na wazo hilo halihitaji bajeti: mazoea yatangulie. Shule inaweza kuwapokea wapya kumi kumi kwa siku badala ya wote Jumatatu moja. Inaweza kufungua geti mchana mmoja wa Desemba mtoto aje aone darasa, choo na uso wa mwalimu. Siku mbili za kwanza zinaweza kuishia saa nne. Na wa kukaa na mtoto siku hizo za kwanza si lazima awe mama. Bibi, kaka aliyemaliza shule au dada wa kazi anayemlea kila siku anatosha, mradi mtoto anamtambua kuwa wake.

Kwa watoto wengi machozi hupungua ndani ya majuma machache, huku yakirudi kidogo kila Jumatatu, baada ya sikukuu au baada ya homa. Yasipopungua, tusidhani kila mara kwamba anamlilia mama. Huenda anaogopa tundu la choo lililochimbwa kwa miguu ya watu wazima, au ana njaa kwa sababu uji haukupikwa, au anachapwa. Mtoto anayeacha kula, anayerudia kukojoa kitandani au anayekaa kimya siku nzima kwa majuma anasema jambo, na wa kulitafuta jambo hilo ni mzazi na mwalimu wakiwa wamekaa pamoja, bila kulaumiana.

Fomu za kuandikisha watoto huuliza cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na namba ya simu. Sijui kwa nini zisiulize pia mtoto anaitwa nani nyumbani, nini humtuliza akilia, na nani atakayekuwa naye siku za kwanza. Mistari mitatu. Mwalimu angeisoma Desemba, na Januari angempokea mtoto mlangoni kwa jina ambalo bibi yake humwitia.